Sikio Kabla ya Kalamu: Zana za Mwandishi wa Fantasia Meru na Embu

Msomaji wa riwaya za fantasia akibahatika kukutana na mwandishi anayempenda, humuuliza maswali mawili: sasa hivi unaandika nini, na unaandikia nini? Swali la kwanza linaeleweka. La pili huonekana la udadisi tu, lakini majibu yake hufichua mengi kuhusu kazi yenyewe. Mwaka 2014 George R. R. Martin, Mmarekani aliyetunga mfululizo mrefu wa riwaya za falme na majoka, alieleza kwenye runinga kwamba anaandika kwa kompyuta ya zamani ya DOS ambayo haijaunganishwa na intaneti, kwa programu ya WordStar 4.0, ya miaka ya 1980. Alitoa sababu iliyo wazi. Programu za kisasa humsahihisha bila kuombwa, hasa anapoandika majina aliyoyabuni mwenyewe, naye hataki msaada huo. Anataka mashine inayopokea anachoandika kisha inanyamaza.

Jibu hilo linamfaa mwandishi ambaye ulimwengu wake wote umo kichwani mwake na kwenye vitabu vya historia alivyosoma. Kazi iliyombakia ni kuulinda usivurugwe. Kwa kijana wa Maua, Chogoria, Runyenjes au Siakago anayetaka kuandika fantasia, hali ni tofauti, na kumshauri anunue kompyuta ya kale au kalamu ya bei kubwa ni kumpoteza. Malighafi yake bora haimo kichwani mwake. Imo vinywani mwa wazee, na sehemu ndogo tu imefika kwenye karatasi. Kwa hiyo kifaa cha kwanza anachohitaji ni kile kinachosikiliza. Zana nyingine zote zina umuhimu wake, lakini baada ya hicho.

Ili hoja hii isibaki hewani, tuitazame hadithi moja kwa karibu.

Wameru husimulia kwamba hawakuanzia mlimani. Walitoka Mbwaa, mahali palipozungukwa na maji, ambapo walitawaliwa na kuteswa na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani wenye nguo nyekundu. Wanahistoria wengi wameelekeza macho pwani ya kaskazini, kwenye visiwa vya eneo la Lamu, walipotafuta Mbwaa hiyo ilikuwa wapi. Mabwana wale waliwapa watumwa wao majaribu, na kushindwa kulimaanisha kuangamizwa. Leteni kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Leteni ndama anayetoa mavi meupe. Leteni mbwa mwenye pembe. Litoeni tunda lililotumbukia ndani ya shimo refu. Mwisho, fueni mkuki unaofika mawinguni.

Wasimulizi hawakubaliani juu ya idadi ya majaribu wala mpangilio wake, lakini wengi wanamtaja kiongozi mmoja, Koomenjwe, aliyekuwa na akili ya kuyafumbua. Tunda lilitolewa kwa kumimina maji shimoni mpaka likaelea. Mbwa alibandikwa pembe za mnyama mwingine. Ukiyapanga majaribu haya kama mwandishi, utaona kwamba hakuna muujiza hata mmoja kati ya hayo yaliyofumbuliwa. Yanafumbuliwa kwa ujuzi wa mfugaji anayejua ngozi, ndama na maji. Mnyonge anashinda kwa sababu anaijua mifugo kuliko bwana wake anayeimiliki. Kisha unakuja mkuki wa mawinguni, ambao hakuna ujuzi wa zizini unaoweza kuufua, na hapo watu wanatambua kwamba mabwana hawataki jibu, wanataka sababu ya kuua. Wanaamua kutoroka usiku.

Muujiza unaingia hapo tu, akili ya binadamu inapofika mwisho wake. Maji yanafunguka, na katika masimulizi mengine hayafunguki mpaka kuwe na mtu aliyekubali kutolewa mhanga kwa ajili ya wenzake. Watu wanavuka kwa makundi: wa kwanza gizani, wa pili alfajiri, wa tatu jua limeshachomoza, na kutokana na saa hizo koo zikapata rangi zao, nyeusi, nyekundu na nyeupe.

Nimeisimulia kwa kirefu kwa sababu watunzi wengi wachanga wanaichukulia hadithi hii kama kipande cha somo la historia shuleni, au wanaifananisha na Kutoka kwa Waisraeli kisha wanaiacha. Mfanano huo upo, na wataalamu wamejadili kama uliingia kupitia Ukristo, kupitia Uislamu wa pwani au kwa njia nyingine. Kwa mtunzi, swali hilo linaweza kusubiri. Cha kumshughulisha ni muundo. Hadithi ina ngazi za majaribu, ina sheria kwamba muujiza hauji kabla ujuzi haujaisha, na ina gharama, kwa kuwa njia haifunguki bure. Vitabu vya kufundishia uandishi wa fantasia vinasisitiza mambo hayohayo matatu kwa kurasa nyingi, na hapa yamekaa tayari, yamepimwa kwa vizazi vya wasikilizaji.

Pwani tayari imeonyesha kinachowezekana. Khadija Abdalla Bajaber wa Mombasa alishinda tuzo ya Graywolf kwa waandishi wa Afrika mwaka 2018, na riwaya yake *The House of Rust* ikatoka mwaka 2021. Mwaka uliofuata ikawa ya kwanza kabisa kupata tuzo ya bunilizi iliyopewa jina la Ursula K. Le Guin. Ni kisa cha Aisha, msichana wa Kihadhrami, anayepanda chombo kilichotengenezwa kwa mifupa na kwenda baharini, pamoja na paka anayesema, kumtafuta baba yake mvuvi. Bajaber hakuazima joka la Ulaya. Alichukua bahari, majini na misemo ya mtaani kwake. Watu wa Kirimaara, kama Wameru wanavyouita Mlima Kenya, wanasema walitoka kwenye bahari hiyohiyo. Riwaya ya watu walioikimbia bahari wakapanda hadi chini ya kilele chenye mita 5,199 ingekaa vizuri sana karibu na hiyo ya Bajaber, na bado ninaisubiri.

Mbwaa si hazina pekee. Padri Mwitaliano Bernardo Bernardi alichapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa baraka wa Wameru, na humo akaeleza habari ya mkono wake wa kushoto. Katika simulizi za Imenti, mkono huo ulifichwa daima. Ndio ulioshika nguvu za cheo chake, na kuuona kulikuwa hatari ya kifo. Ulitosha kuinuliwa ili adui asimame. Mwaka uliofuata mwanaanthropolojia Rodney Needham aliuandikia mkono huo makala nzima. Fikiria mhusika wa riwaya ambaye uwezo wake wote umo katika kiungo kimoja asichoweza kukitumia mbele ya watu. Analaje? Anambebaje mtoto wake? Akijeruhiwa mkono huo, nani atamfunga bandeji? Kila swali la namna hiyo ni sura ya kitabu.

Embu nako wanasimulia habari za Mwene Ndega na mkewe Nthara, aliyempata mtoni, na kichaka cha Ndega karibu na Runyenjes bado kinatajwa kwa heshima. Sitakirefusha kisa hicho hapa, ila nitasema ni tofauti kwa tabia na kile cha Mbwaa. Hakina mabwana wala majaribu. Ni kisa cha nyumba moja, na mtunzi anayependa hadithi tulivu atanufaika nacho zaidi.

Sasa turudi kwenye zana. Tunayajua haya kwa sababu watu fulani walikaa na wazee na kusikiliza. Mwanahistoria H. S. K. Mwaniki alizunguka Embu na Mbeere, akatoa *The Living History of Embu and Mbeere* mwaka 1973 na *Embu Historical Texts* mwaka 1974. Kitabu hicho cha pili kina thamani ya pekee kwa mtunzi, kwa sababu kinawaacha wazee waseme wenyewe, swali kwa jibu. Upande wa Meru, Jeffrey Fadiman alihoji wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ulimwengu wa kabla ya ukoloni, na kazi yake kubwa ikatoka mwaka 1993. Wazee wale wote wameshatutoka. Waliobaki leo ni watoto na wajukuu wao, nao pia ni wazee.

Lakini karatasi ina mipaka yake. Inahifadhi kilichosemwa na kupoteza namna kilivyosemwa: mahali mzee alipotua, mahali alipoharakisha, jina alilolitaja kwa sauti ya chini, swali alilolikwepa kwa kusema kwamba hilo halisemwi mchana. Mtunzi wa riwaya anavihitaji hivyo kuliko mtu mwingine yeyote. Mwanahistoria ataridhika kujua kwamba watu walivuka usiku. Mtunzi anataka kusikia jinsi sauti ya msimulizi inavyobadilika anapolifikia giza hilo.

Ndiyo maana nasema kinasa sauti kije kwanza, nacho kimo mfukoni tayari. Simu ya bei ya chini inanasa vizuri kabisa ikitumiwa kwa makini, na makosa yanayoharibu kazi ni yaleyale kila mara. Simu haijawekwa kwenye hali ya ndege, ikaingia simu ya mtu katikati ya kisa. Imelazwa juu ya meza ya mbao ambapo kila kikombe kinachowekwa kinasikika kama mlango unaobamizwa. Au mazungumzo yamefanyika ndani ya nyumba ya mabati, mvua ya mlimani ikaanza, na kuanzia dakika hiyo hakuna kinachosikika. Dawa ni nyepesi. Weka simu juu ya kitambaa kilichokunjwa, shibiri mbili kutoka kinywani mwa msimulizi, na mahali pawe chini ya mti au kwenye jiko lenye paa la nyasi badala ya sebule ya mabati. Maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola inauzwa kwa bei ambayo mwalimu anaimudu, na katika vifaa vyote vinavyonunuliwa na waandishi, sijui kingine kinacholeta tofauti kubwa hivyo kwa pesa kidogo hivyo.

Kuna suala la aina ya faili, ambalo wengi hulipuuza. Sauti isiyobanwa, ya WAV, yenye chaneli moja, huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika, kwa hiyo saa moja ni kama megabaiti 320. Iliyobanwa inaweza kushuka hadi megabaiti 30 kwa saa. Kwa mazungumzo ya kawaida iliyobanwa inatosha. Kwa wimbo, kwa kitendawili kinachojibiwa na kundi, au kwa mzee ambaye sauti yake imefifia, nasa WAV hata kama itabidi ufute picha kwenye simu. Kisha, siku hiyohiyo, nakili faili kwenye kadi ya kumbukumbu na mahali pengine pa pili, uipe jina lenye tarehe, mahali na kisa. Faili yenye jina la namba tupu ni faili iliyopotea hata kama ipo.

Kuiandika sauti hiyo ni kazi ya kuchosha. Saa moja ya mazungumzo hula saa nne au zaidi za kuandika. Kiswahili kina msaada, kwani Google iliongeza imla ya Kiswahili mwaka 2017, na mtunzi anaweza kusikiliza kipande kisha akakisema upya kwa Kiswahili, simu ikaandika. Kwa maneno yenyewe ya Kimeru au Kiembu, ninashauri yaandikwe kwa mkono wa mtu anayeijua lugha. Katika uchovu huo ndipo mtunzi anaposikia kitu mara ya nne na kukielewa.

Hapo anakutana na tatizo ambalo Martin angelitambua. Majina ya huku yana ĩ na ũ, na kibodi nyingi zilizowekwa kwa Kiingereza hazina herufi hizo, tena zinasahihisha kwa nguvu jina zisilolijua. Wengine wamegundua kwamba lugha ya Kivietnam ina ĩ na ũ, wakaweka kibodi yake. Ujanja huo unafanya kazi kwa muda mfupi tu, kwa sababu mpangilio wake unaotumika zaidi hugeuza irabu mbili zilizofuatana kuwa herufi moja yenye kofia. Jaribu kuandika Mbwaa au Koomenjwe uone jina litakavyovurugika. Njia inayonipendeza ni kamusi binafsi ya simu: ingiza kifupisho cha herufi tatu kwa kila jina la riwaya, na simu iandike jina kamili na sahihi kila unapogusa kifupisho hicho. Saa moja ya kuandaa orodha hiyo inaokoa miezi.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwa macho. Ndani ya kompyuta, ũ inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja kamili, au kama u ya kawaida iliyofuatwa na alama ya juu inayojibandika. Kwenye kioo zinafanana kabisa. Lakini baadhi ya programu zitatafuta moja na kuikosa nyingine, na mhariri akitaka kubadilisha jina la mhusika katika kurasa 300, nusu zitabaki na jina la zamani. Anayetumia orodha moja ya vifupisho tangu mwanzo hadi mwisho ameuepuka mtego huo.

Kuhusu umeme nitapita haraka. Taa ya sola na betri ya akiba si anasa kwa mwandishi wa vijijini, na tangu kampuni ya M-KOPA ianze kuuza sola kwa malipo madogomadogo ya simu mwaka 2012, vifaa vya aina hiyo vimefika nyumba nyingi. Jambo lililonivutia zaidi ni mahali umeme wenyewe unapotoka. Mabwawa ya Mto Tana, kuanzia Kindaruma ya mwaka 1968 hadi Kiambere ya 1988, yako upande wa chini wa Mbeere, na maji yake yamefunika ardhi iliyokuwa na mashamba na njia. Fantasia haina lazima ya kurudi nyakati za Mbwaa. Bonde lililozama takriban miaka 40 iliyopita, na wazee walio hai waliowahi kutembea ndani yake, ni mwanzo wa riwaya ambayo hakuna mwandishi wa London anayeweza kuiandika.

Iandikwe kwa lugha gani? Sensa ya 2019 ilihesabu Wameru karibu milioni 2 na Waembu zaidi ya laki 4, idadi inayotosha kuwa na wasomaji, ila soko la vitabu vya Kimeru na Kiembu nje ya Biblia na nyimbo za kanisani bado ni dogo. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alilijibu swali hili kwa vitendo. Akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978 aliandika *Caitaani Mũtharaba-Inĩ* kwa Kikuyu juu ya karatasi za chooni, na humo wezi wanashindana kujisifia wizi wao. Miongo miwili na zaidi baadaye akatoa *Mũrogi wa Kagogo*, fantasia kubwa ya mtawala na mchawi katika nchi ya kubuni. Kifaa chake cha kwanza kilikuwa kile ambacho askari jela hawakufikiria kumnyima.

Mimi ningemshauri mtunzi wa Meru au Embu leo aandike kwa Kiswahili, huku majina, nyimbo na viapo akiviacha katika lugha ya nyumbani. Njia hiyo imeshafyekwa. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake Dzombo hadi Walenisi katika riwaya ya mwaka 1995, Kezilahabi alituachia *Nagona* na *Mzingile*, na Kyallo Wadi Wamitila akatoa *Bina-Adamu!* mwaka 2002. Na kutoka Tharaka, katikati kabisa ya Meru na Embu, Kithaka wa Mberia alibuni nchi nzima ya Butangi katika tamthilia yake *Kifo Kisimani* ya mwaka 2001, ambayo wanafunzi wa sekondari waliisoma kote Kenya. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inabeba jina la Safal, hupokea miswada ambayo haijachapishwa, na riwaya ina kundi lake.

Kabla ya kutuma mswada popote, kuna ridhaa ya kutafuta. Sheria ya Kenya ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya mwaka 2016 inataka ridhaa ya jamii ipatikane kabla maarifa hayo hayajatumiwa kibiashara, na inazipa serikali za kaunti jukumu la kuweka rejesta. Waandishi wengine wanaiona kama kikwazo. Mimi naiona kama adabu iliyoandikwa. Mzee anayekupa kisa cha mkono wa Mugwe ana haki ya kukuambia ni sehemu gani ya kuchapishwa na ni sehemu gani ya kubaki nyumbani, na kama kisa ni cha ukoo, wazee wa ukoo waulizwe. Kwa mambo mazito ya Wameru, baraza la Njuri Ncheke lenye makao yake Nchiru ndilo la kuanzia. Muombe mzee ridhaa kinasa sauti kikiwa kimewashwa, mwanzoni kabisa, ataje jina lake na alichokubali kwa maneno yake mwenyewe, kisha urudi na mswada umsomee sehemu aliyokupa kabla haujaenda kwa mchapishaji.